Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Doctor Who: yule mnyama wa Bahari ya Hindi alishukia wapi?

Kwenu wasimamizi wa tamthilia ya Doctor Who, BBC, na kwa yeyote hapo ofisini mwenye kauli juu ya visa vijavyo.

Baada ya salamu. Mimi ni karani wa mizigo bandarini, mzaliwa wa Lindi. Kazi yangu ni kulinganisha karatasi na kilichomo melini: kreti ngapi zimeandikwa, ngapi zimeshuka, na ile isiyoonekana imekwenda wapi. Nawaandikia kwa sababu kwenye karatasi zenu kuna mzigo mmoja ambao nimeutafuta kwa miaka bila kuuona ukishuka. Ni mnyama. Ana shingo ndefu na miguu minne iliyogeuka makasia, na mara ya mwisho alionekana mwaka 1973, kichwa juu ya maji ya Bahari ya Hindi.

Kisa chenyewe mnakijua: Carnival of Monsters, sehemu nne, kimerushwa Januari na Februari 1973, kimeandikwa na Robert Holmes na kuongozwa na Barry Letts. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilikiona kwenye diski aliyoniletea binamu yangu anayeishi Leicester, nikakirudia mpaka mke wangu akaanza kumwita Jon Pertwee, mwigizaji mkuu, "yule babu yako". Ila barua ya wazi husomwa na wasioandikiwa pia, kwa hiyo niwasimulie hao kidogo.

Daktari, msafiri wa anga na nyakati, na msaidizi wake Jo Grant wamekusudia kwenda sayari iitwayo Metebelis 3. Chombo chao cha kusafiria, kibanda cha buluu, kinatua gizani, kwenye ngama ya meli, katikati ya matundu ya kuku. Daktari ni mtu asiyependa kukiri kwamba amepotea njia, kwa hiyo anajaribu kuzungumza na kuku kwa adabu zote, kama wenyeji wa sayari ngeni. Kumbe wako duniani. Meli inaitwa SS Bernice, iko Bahari ya Hindi inaelekea Bombay, na mwaka ni 1926. Huko juu Meja Daly amebakiza kurasa chache za kitabu chake, na binti yake Claire anafuta siku kwenye kalenda. Ghafla makelele. Watu wanakimbilia sitahani, na kutoka majini inaibuka shingo ile. Luteni Andrews anachukua bunduki, wanafyatua, mnyama anazama. Halafu, kufumba na kufumbua, wote wamesahau. Meja amerudi kwenye kurasa zilezile, Claire anafuta siku ileile, na mnyama naye ana zamu yake ya kuibuka tena.

Meli haiko baharini. Imepunguzwa ukubwa na kufungiwa, pamoja na abiria wake, kuku wake na mnyama wake, ndani ya mashine ya maonyesho iitwayo Miniscope, ambayo mwenyewe ni Vorg, mchuuzi wa burudani anayezunguka nayo sayari kwa sayari. Watu wanalipa, wanachungulia, wanacheka. Katika mashine hiyohiyo kuna madude mengine kutoka pande zote za anga, na makali kuliko yote ni yale yanayokaa kwenye matope, Drashig. Walimwengu wa meli ile hawajui kwamba wanatazamwa. Nilipoanza kukitazama nililalamika kwamba bahari yenu haina kusi wala kaskazi, imetulia kama maji ya beseni. Baadaye nikajicheka: ilikuwa bahari ya kwenye kisanduku, na kwa kisa hicho ilistahili kuwa ya uongo. Hilo nimelifuta kwenye orodha ya malalamiko.

Lililobaki ni hili. Mwishoni Daktari anafaulu, mashine inakufa, na viumbe wote wanarudishwa walikotolewa. Tunaonyeshwa meli ikiwa huru baharini. Tunaonyeshwa Meja Daly akimaliza kitabu chake, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotegemea. Mnyama je? Nimerudisha diski nyuma mara ngapi sijui, sijamwona. Amefanya kazi ya kutisha abiria tangu sehemu ya kwanza, bila malipo, halafu hakuna hata picha moja ya maji yakitikisika nyuma yake akienda zake.

Msiniambie kwamba nafasi haikutosha, au kwamba wanyama hawahesabiwi. Miaka miwili baadaye, Agosti na Septemba 1975, mlirusha Terror of the Zygons, iliyoandikwa na Robert Banks Stewart. Humo mna dude la Loch Ness, ziwa la Scotland, liitwalo Skarasen, nusu mnyama nusu mtambo, ambalo Zygon, viumbe kutoka sayari nyingine, wanaishi kwa maziwa yake. (Kukamua joka la majini! Waandishi wenu wa miaka ile walikuwa na vichwa.) Linaibuka mto Thames, linatisha wakubwa, halafu mwishowe linarudi ziwani kwake. Aliyekuwa Luteni Andrews kwenye Bernice, marehemu Ian Marter, yumo humo pia, safari hii akiwa Harry Sullivan. Kwa hiyo mwigizaji mmoja amekutana na mnyama wa Scotland na mnyama wa Bahari ya Hindi. Wa Scotland mkamsindikiza mpaka mlangoni. Wa kwetu mkamwacha hewani.

Kabla sijafika ninakokwenda, niweke jina sawa, maana wanaosoma barua hii wataniuliza. Mashabiki wengi humwita "dinosaria anayeogelea", na mimi nilikuwa mmoja wao. Ninyi kwenye kisa mlimwita plesiosauri, na mlikuwa sahihi. Plesiosauri hakuwa dinosaria, kama nyangumi asivyokuwa samaki. Waliishi zama moja, wakatoweka pamoja miaka milioni 66 iliyopita, lakini ukoo ni mwingine. Mifupa ya kwanza iliyokamilika ilichimbuliwa na Mary Anning kwenye majabali ya Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, mwaka 1823, na shingo ilikuwa ndefu kiasi kwamba Georges Cuvier, bingwa wa Ufaransa wa mambo hayo, alishuku mwanzoni kwamba kuna mtu kaunganisha mifupa ya wanyama wawili. Mwaka 2011 ilitangazwa habari ya jamaa yake mmoja aliyekutwa na kijusi tumboni: hawakutambaa ufukweni kutaga kama kasa, walizaa mtoto humohumo majini.

Mlipokosea ni pozi. Plesiosauri wa kweli hakuweza kusimamisha shingo juu ya maji kama korongo. Mifupa ya shingo haikujikunja hivyo, na kwa uzito ule kiwiliwili kingepinduka. Mwendesha kreni yeyote wa bandarini kwetu angewaambia bila kusoma kitabu. Na ukubwa nao! Yule wa Lyme Regis alikuwa na mita 3 na nusu hivi, chini ya mtumbwi mrefu wa mvuvi. Nyumba yenu ina tabia hii ya kuvimbisha wanyama wa majini: katika Walking with Dinosaurs ya 1999, ambayo haikuwa hata hadithi ya kubuni, mlimpa Liopleurodon mita 25 na karibu tani 150, wakati mifupa inampa mita sita au saba. Lakini kwa kisa cha 1973 nawasamehe. Ilikuwa ni kumtisha Meja Daly, na mlifaulu.

Isitoshe, ninyi ni watu wa kujisahihisha, na ndiyo maana nimepata moyo wa kuandika. Mwaka 1970 mliwaita watu-mijusi wa chini ya ardhi Silurian, jina la zama ambazo mijusi ilikuwa haijawa hata ndoto. Watazamaji wakanung'unika. Mwaka 1972, kwenye The Sea Devils, Daktari mwenyewe akasema jina lile lilikuwa kosa, wangestahili kuitwa Eocene. Eocene nayo si sawa, dinosaria walikuwa wamekwisha zamani. Hata hivyo mlijaribu, tena mbele ya watu, na si kila ofisi inajaribu.

Sasa mwaka. 1926.

Sijui kama Robert Holmes aliuchagua kwa sababu yoyote zaidi ya kuwavalisha waigizaji nguo nzuri. Ila kwa mtu wa Lindi mwaka ule una jambo lake. Kilomita 60 hivi kutoka mjini kwetu kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wakiwa na mamia ya vibarua, wakaisafirisha kwenda Berlin zaidi ya tani 200. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Mifupa ilibebwa kichwani, siku kadhaa kwa miguu mpaka pwani, mingi ikiwa imefungwa kwenye vizimba vya mianzi kwa sababu mbao za kutengenezea makasha zilikuwa adimu. Mifupa mikubwa kuliko yote iliunganishwa, na tangu 1937 imesimama ukumbini kule, mita 13 na ushei kwenda juu. Sisi tunamwita mjusi. Si Giraffatitan, si Brachiosaurus, majina ya kitaalamu. Ukisema "mjusi" mbele ya mtu wa Lindi, au bungeni Dodoma, hakuna atakayedhani unamsema wa ukutani.

Wengi kwenu hawajui kwamba Waingereza nao walikuja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilipokuwa mikononi mwao, jumba la makumbusho la London lilituma msafara wake Tendaguru, kuanzia 1924 hadi 1931. Kijana Louis Leakey, baadaye mtafiti maarufu wa chimbuko la binadamu, alikuwemo mwanzoni, amepewa nafasi hasa kwa sababu alijua Kiswahili na mambo ya safari. Kiongozi wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria 1925 na akazikwa Lindi. Kazi haikusimama. Mpaka leo London kuna mifupa ya mjusi mmoja wa Tendaguru ambaye wataalamu, kwa utani wao, wanamwita Askofu Mkuu.

Kwa hiyo mwaka uleule ambao SS Bernice yenu inakatiza Bahari ya Hindi na mnyama wa kale wa kubuni akiibuka kando yake, wanyama wa kale wa kweli walikuwa wanachimbuliwa pwani ya bahari hiyohiyo ili wapakiwe melini. Hawakupiga kelele. Waliandikwa kwenye karatasi, wakapakiwa, wakaenda kuwekwa mahali ambapo watu wanaingia na kuwatazama.

Mashine ya Vorg, kwa ufupi.

Sina nia ya kuwatukana watu wa makumbusho. Mifupa imetunzwa, imesomwa, na wapo huko Berlin watu waliofukua pia majina ya waliochimba, si ya mabwana tu. Lakini ninyi ndio mlionifundisha swali. Kwenye kisa chenu Daktari anasimulia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewashawishi wakubwa wa kwao wazipige marufuku Miniscope, maana kuchukua kiumbe na kumfanya tamasha ni ukatili hata kama kisanduku ni kizuri na chakula kipo. Mimi niliyasikia maneno hayo nikiwa nimekaa sebuleni, diski inazunguka, na nikafikiri: huyu mzee angesimama kwenye gati la Lindi mwaka 1926 angesema nini?

Na lipo jambo jingine litakalowafaa waandishi wenu. Mjusi wetu naye aliwahi kuwa dinosaria anayeogelea. Kwa miaka mingi wachoraji walimweka ndani ya ziwa lenye kina cha kumfunika, kichwa tu kikiwa nje, matundu ya pua juu ya fuvu kama bomba la mpiga mbizi, kwa imani kwamba mzigo ule usingesimama nchi kavu bila kusaidiwa na maji. Mwaka 1951 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Kenneth Kermack, alionyesha kwamba kwa kina kile msukumo wa maji ungembana kifua asivute pumzi hata moja. Mjusi akatolewa majini, akarudishwa kwenye miguu yake. Mkitaka dinosaria ambaye kweli ana sifa ya majini, Afrika inaye: Spinosaurus, ambaye mkia wake uliotangazwa 2020 kutoka Morocco ni mpana kama kasia, ingawa wataalamu bado wanabishana aliogelea kwa kiasi gani. Na mifupa ya kwanza ya Spinosaurus, iliyotoka Misri, ilipelekwa Munich, ikateketea kwa mabomu Aprili 1944. Nitaje hilo tu, niendelee.

Ninachoomba, basi. Fungueni tena faili la SS Bernice.

Mnayo nafasi ya wazi kabisa. Mashine ilipokufa kila kitu kilirushwa mahali pake na wakati wake. Mitambo hukosea, kibanda cha Daktari kimekosea tangu 1963 na ndiyo riziki yenu. Mwacheni yule plesiosauri aangukie wakati usio wake: ghuba ya Lindi, 1926, asubuhi, maji yamekupwa, na kwenye mchanga wapagazi wametua mizigo ya mifupa wakisubiri mashua za kuipeleka melini. Mnyama wa kale aliye hai upande huu, waliokufa kwenye mianzi upande ule, na Daktari katikati. Bwana wa msafara atataka nini akimwona? Atataka kreti kubwa zaidi. Nahodha atataka nini? Na wale wapagazi, ambao wameambiwa wiki nzima kwamba mawe wanayobeba yalikuwa mnyama, watasema nini wakimwona jamaa yake wa mbali anapumua? Hapo mnayo sehemu nne, au dakika zenu 45 za siku hizi, na sijawagusa hata Drashig.

Nina masharti mawili, kama karani asiye na mamlaka yoyote anaweza kuwa na masharti.

La kwanza, wapagazi wasiwe watu wa kukimbia wakipiga mayowe tu. Waongee, na wawe na majina. Aliyesimamia wachimbaji enzi ya Wajerumani alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja kuliko waliomlipa, na ilichukua mpaka 2007 kwa dinosaria mmoja wa Tendaguru kupewa jina lake: Australodocus bohetii. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwona plesiosauri akapoteza fahamu. Atahesabu makasia, atatazama meno, na atamwambia Daktari asogee, anamzibia mwanga. Waongee Kiswahili cha pwani ya kusini, wakiteta wao kwa wao waingie kwenye Kimwera. Msiniambie kwamba hamna wa kuwasaidia. Idhaa yenu ya Kiswahili ipo tangu 1957, ni kupiga simu tu.

La pili, safari hii tumwone akienda. Sihitaji muziki mwingi. Shingo chini, jinsi wataalamu wanavyotaka, mgongo kidogo juu ya maji, halafu hakuna. Bahari yetu inaweza kumhifadhi. Tayari ina silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wetu wa Tanga wamekuwa wakimkuta nyavuni tangu miaka ya 2000. Anayeweza kujificha miaka milioni 66 hapa kwetu hamhitaji Daktari kumtafutia chumba.

Mkija kutazama mahali, njooni kipindi cha kiangazi, njia ya Tendaguru wakati wa mvua ni ya kuomba Mungu. Mkihitaji mtu wa kuwasomea waigizaji majina ili Boheti asiwe "Bohiti", nipo, na sitatoza. Nitaomba tu karatasi ya mizigo ya SS Bernice, ile mtakayoichora kwa ajili ya picha, niijaze mimi kwa mkono wangu.

Wenu katika kipindi,
Karani wa mizigo, mzaliwa wa Lindi

Tanbihi: Wale kuku wa kwenye ngama nao sikuwaona wakishuka. Hao siwadai. Nina hakika walimfikia Meja Daly mezani kabla ya Bombay.